Mpumudde, Kilima cha Wasia

Jinja ina sifa nyingi, na wageni wengi huishia kwenye ile ya kwanza: pale Nile unapoliaga Ziwa Victoria. Kuna bustani, mashua, sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948, na samaki wa kukaanga unaowala huku ukitazama maji. Mto ule unastahili kila picha inayopigwa. Lakini ukiuacha, ukavuka barabara kuu ya Kampala na kupanda kuelekea kaskazini, unafika mahali pasipotajwa sana na wanaotembeza watalii, napo ndipo palipouteka moyo wangu. Ni Mpumudde.

Mpumudde ni kilima na ni mtaa. Udongo wake ni mwekundu, mapaa yake ni ya bati, na nyuma ya karibu kila jiko kuna migomba. Miembe na mifenesi imeachwa ikue ilipoota, hata katikati ya njia, na nyumba zikajipanga kuizunguka. Asubuhi wanawake huketi vibarazani wakimenya matoke kwa visu vidogo, maganda yakidondoka kwenye majani ya mgomba, na mtu akipita hapiti kimya. Salamu ya hapa haina haraka. Unaulizwa umeamkaje, na wa nyumbani wameamkaje, na ulikotoka kukoje, na wewe unatakiwa kuuliza vilevile, na katikati mnaitikiana kwa miguno laini ambayo mgeni huizoea kabla hajajua maneno. Mimi niliyezaliwa pwani, ambako pia tunaulizana hali mpaka ya paka, nilijiona nimefika kwa jamaa.

Ukisimama juu na kutazama magharibi, bonde la Nile liko mbele yako na ng'ambo yake ni Njeru. Huko chini ndiko liliko bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Lilipojaa, maporomoko ya Ripon yalizama, yale ambayo msafiri Speke aliyaona mwaka 1862 na kuyapa jina la bwana wa Kiingereza. Siku hizi kuna pia daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa mwaka 2018. Usiku taa zake huonekana mbali.

Wanaolijua jina la Mpumudde kutoka vitabuni wanalijua kwa kifo cha mfalme. Kabalega, Omukama wa Bunyoro, alifia hapa tarehe 6 Aprili 1923. Alikuwa amepigana na Waingereza kwa miaka mingi, hadi alipokamatwa mwaka 1899 huko Lango pamoja na Mwanga, Kabaka wa Buganda. Risasi za siku ile zilimgharimu mkono. Wote wawili walipelekwa Ushelisheli. Mwanga akafia kulekule mwaka 1903. Kabalega aliishi, akazeeka, akabatizwa, na aliporuhusiwa kurudi kwao alikuwa mzee wa miaka kama 70. Akafika Jinja, akapanda kilima hiki, na safari ikaishia hapo, Hoima ya kwao ikiwa bado mbali. Mwili wake ulikwenda kuzikwa Mparo, huko kwao. Kiti chake kilikuwa kimekwisha kukaliwa na wanawe, mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe angali hai uhamishoni. Wanyoro bado wanakuja Mpumudde kwa heshima yake, na ni haki yake.

Mimi nilikuja kwa habari ya urithi mwingine. Nilikuwa Mbale, chini ya miamba ya Wanale, nimekaa na mwalimu mmoja wa kike tunakunywa kahawa ya Bugisu, na mazungumzo yakaingia kwenye misiba. Akaniambia kwamba shangazi yake, ssenga wake wa Mpumudde, amefariki mwaka jana, na kwamba Jumamosi inayofuata familia inamaliza lumbe, yaani msiba unafungwa rasmi, na mrithi wa marehemu anasimikwa. Nikauliza, mwanawe wa kiume yupi anarithi? Akanitazama kwa mshangao. Marehemu ni mwanamke, akasema. Anarithiwa na mwanamke.

Kutoka Mbale hadi Jinja ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ile gari ndogo ya abiria ambayo Uganda nzima inaiita taksi, kwa barabara ya Tirinyi. Njia inashuka kwenye tambarare za Budaka, inavuka mabwawa ya mto Mpologoma yaliyojaa mafunjo na majaruba ya mpunga, inaingia Busoga kwa Namutumba na kutokea karibu na Iganga. Kutoka hapo ni miwa. Mashamba ya Kakira, yaliyoanzishwa na familia ya Madhvani, yanaijaza njia pande zote mbili mpaka unapokaribia Bugembe, kwenye makao ya Kyabazinga, mfalme wa Busoga. Miwa ni fedha, nami siwalaumu wanaoipanda, ingawa kina mama niliokaa nao kwenye taksi walikuwa na maneno makali juu yake: mwanamume akishapanda miwa hadi ukutani, mke atapanda wapi viazi vitamu? Neno lile lilibaki nami, kwa kuwa lilihusu hasa nilichokuwa nakwenda kukiona. Mwanamke wa Busoga hulima ardhi ambayo kwa mila si yake. Basi akifa anaacha nini?

Jibu la kwanza nilipewa kwenye lumbe lenyewe.

Watu walilala hapohapo usiku wa Ijumaa, wakubwa kwa wadogo, chini ya kibanda cha miti na turubai. Ngoma hazikunyamaza. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, wazee wa ukoo walitandika mkeka mbele ya mlango wa nyumba ya marehemu. Msichana akatolewa ndani. Nadhani alikuwa na miaka 22 au 23, amevaa gomesi ya rangi ya machungwa yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, macho chini. Alisimamishwa kwenye mkeka. Mzee mmoja akamfunga begani nguo ya gome la mti wa mutuba, ile rangi ya udongo mkavu, ambayo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za ulimwengu. Kisha akamkabidhi kisu na kikapu.

Mrithi wa mwanamume hupewa mkuki. Wa mwanamke hupewa kisu cha kumenyea na kikapu cha kubebea chakula, na maneno yanayofuatana navyo ni ya kazi. Mzee alimwambia msichana kwamba kisu kile si cha kumdhuru mtu. Ni cha kulisha. Mlango ule usifungwe mgeni akifika. Watoto wa marehemu wakija na njaa wasirudi na njaa. Wajukuu wakigombana yeye ndiye wa kuwaita. Msichana aliitikia kila neno kwa sauti ndogo, na wanawake waliokaa nyuma yake waliitikia pamoja naye, kwa sauti kubwa zaidi.

Msichana yule alikuwa binti wa kaka wa marehemu. Ndivyo mila ilivyo, Buganda na kwa majirani zao wa Busoga, kila upande kwa namna yake. Watoto ni wa ukoo wa baba yao. Mama ni wa ukoo wake aliozaliwa nao, na kuolewa hakumtoi humo. Kwa hiyo mtoto wake wa kumzaa hawezi kukaa mahali pake. Nafasi yake hurudi kwao, kwa binti wa kaka au mdogo wake wa kike, mtu wa damu ya ukoo uleule, ili ukoo uwe bado na mwanamke wake katika nyumba ile na watoto wale wasikose mama. Na urithi huo ukishasemwa, unatekelezwa papo hapo. Mwana mkubwa wa marehemu, mwanamume wa miaka kama 50 mwenye mvi kidevuni, alikuja mbele ya msichana yule, akapiga magoti, akaweka noti kikapuni, akamwita maama. Hakuna aliyecheka. Alimwita maama kwa uso ule ule ambao angemwitia aliyemzaa, na msichana akamwekea mkono kichwani.

Nimehudhuria matanga mengi pwani na bara, nimeona mali ikigawanywa kwa busara na nimeiona ikigawanywa kwa mapanga. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo nafasi ya mwanamke wa kawaida, aliyelima viazi na kuuza karanga, inahesabiwa kuwa kitu kisichoweza kuachwa wazi. Mfalme hurithiwa kwa sababu kiti hakikai bure. Mpumudde nilimwona mama wa nyumba ya matofali ya vyumba viwili akirithiwa kwa sababu hiyohiyo.

Lakini nafasi ni jambo moja na mali ni jingine, nao watu wa hapa hawayachanganyi. Kisu na kikapu vilikwenda kwa binti wa kaka. Mali ya marehemu, kama alivyoigawa kwa mdomo akiwa kitandani mbele ya dada zake, ilikwenda kwa watoto wake, na hesabu yake ilisomwa mchana baada ya chakula. Nilitega sikio. Mbuzi wawili. Mikeka sita, mmoja haujamalizwa, na huo ukapewa mjukuu anayejua kusuka ili aumalize. Gomesi nne, moja ya hariri. Sufuria kubwa ya shughuli, ambayo jirani wote huazima, ikaachwa kwa binti mkubwa kwa sharti kwamba iendelee kuazimwa. Fungu lake katika kikundi cha akiba, ambalo alipewa binti aliyeachika na kurudi nyumbani. Na ng'ombe jike mmoja aliyekuwa akifugwa kwa mtu huko kijijini Kamuli, ndama wake wa kwanza awe wa kanisa.

Hiyo gomesi ina historia ya kwake. Inasimuliwa kwamba ilishonwa mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu mwaka 1905, na fundi Mgoa aitwaye Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, nayo ikaenea Buganda na Busoga mpaka ikawa ndiyo vazi la heshima la mama. Vitambaa vinanunuliwa mita sita kwa mita sita, na mama akifa gomesi zake hazitupwi wala haziuzwi. Pale kwenye lumbe niliona wanawake watatu waliovaa gomesi zilizofifia kidogo kwenye mabega, na kila mmoja niliyemsifia alinijibu kwa kutaja aliyeivaa kabla yake.

Kitu kingine kilichonishangaza ni mbegu. Karanga, maharage, ulezi na mashina ya viazi vitamu vimo katika wasia wa wanawake wa Busoga, na sababu si ya kihisia. Mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya 1900 na 1920, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kwenye fukwe hizi za ziwa, na serikali ya kikoloni ikahamisha watu kutoka ukanda wote wa kusini mwa Busoga. Koo zilitawanyika, mashamba yakawa msitu. Waliorudi baadaye hawakukuta mipaka wala nyumba. Ardhi inaweza kupotea namna hiyo, ikachukuliwa na nyasi au na mtu mwenye muhuri. Mbegu hubebwa kwenye kitambaa.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa kwamba mama anaweza kuacha zaidi ya mbuzi. Mwana Kupona wa Siyu, mjane wa Bwana Mataka, aliugua akajua safari imekaribia, akamtungia binti yake utendi mwaka 1858 wa kumwachia adabu, dua na namna ya kuishi na watu. Lamu, nyumba nyingi za mawe za mji wa kale ni za wanawake kwa sababu baba humjengea au kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Na Uislamu ulishampangia mwanamke fungu lake tangu zamani. Uingereza yenyewe mke aliyeolewa hakuwa na mali yake kamili mpaka sheria ya mwaka 1882. Kisiwa cha Man, kile kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, kilikuwa na mila tofauti: huko tangu karne za zamani mke wa mkulima aliweza kuandika wasia mumewe akiwa hai, akagawa fungu lake la mali ya nyumbani kwa amtakaye. Upande mmoja wa kisiwa fungu hilo lilikuwa nusu, upande wa pili likapungua hadi theluthi, na simulizi yao inasema wale wa nusu walizawadiwa kwa kuwa waliwasaidia waume zao siku ya vita. Wasia zao za karne ya 17 na 18 zimejaa vitu ambavyo mama wa Mpumudde angevitambua mara moja: kondoo, sufuria, sketi, blanketi, uzi wa sufu ambao haujafumwa.

Sheria za Uganda zimechukua muda kuwafikia wanawake. Sheria ya urithi iliyotumika, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1906, ilipanga namna ya kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wasia, na mtu huyo alitajwa kuwa mwanamume. Mwanamke aliyekufa bila wasia hakuwekewa mgawo wake, kana kwamba hakuwa na cha kugawa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wanasheria wanaotetea wanawake, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba ya 1995. Ikapita miaka 15. Mwaka 2022 ndipo Bunge liliporekebisha sheria, ikawa ya mume na mke sawasawa: asilimia 75 kwa watoto na wajukuu, 20 kwa mume au mke aliyebaki, 4 kwa wategemezi wengine, na 1 kwa mrithi wa kimila. Kumfukuza mjane kwenye nyumba ya ndoa kukawa kosa la jinai. Hiyo asilimia 1 ya mrithi wa kimila ilinifurahisha niliposoma, kwa sababu nilikuwa nimemwona mrithi wa kimila kwa macho, amevaa gome la mti, ameshika kisu, na kwa hakika hakuwa amesimama pale kwa ajili ya mali.

Ila sheria njema inahitaji karatasi, na hapa ndipo kazi iliko. Watu wengi, Mpumudde na kwingineko, huamini kuandika wasia ni kuita kifo. Wasia wa mdomo mbele ya dada na majirani una nguvu ya aibu, na aibu katika mtaa kama huu ni nguvu kubwa, lakini haitoshi mbele ya mtu mwenye wakili. Sheria inataka wasia ulioandikwa, wenye sahihi au alama ya kidole, na mashahidi wawili ambao hawarithi kitu.

Na siku hizi kina mama wana mali ya kuandikia wasia. Mpumudde si kijiji tena. Jinja ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2020, na kilima kimejaa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja, mlango baada ya mlango, chini ya paa moja la bati. Uliza mwenye mizigo na mara nyingi utaonyeshwa mama. Alinunua kipande cha kiwanja kwa fedha za nigiina, ule mchezo wa wanawake wa kupokezana fedha, akaanza na chumba kimoja, akakipangisha, kodi ikanunua matofali ya cha pili. Kiwanja hiki hakimo katika ardhi ya ukoo. Amekinunua mwenyewe, jina lake limo kwenye hati ya mauziano, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, amegonga muhuri. Ni mali ya kwanza katika historia ya familia nyingi ambayo mwanamke anaweza kuisimamia akasema, hii nampa fulani.

Mmoja wao ndiye aliyenikaribisha nyumbani siku iliyofuata lumbe. Ni jjajja, yaani bibi, wa miaka 80 na kitu, mjane, Kiswahili chake ni kile kizito cha viwandani ambacho Jinja ya miaka ya 1960 ilikijua vizuri. Kwenye kiwanda cha nguo cha Nytil Wajaluo, Waluhya, Wasoga na Waganda walihitaji lugha moja, na yeye aliuza chakula langoni. Kusikia Kiswahili cha mgeni kulimchangamsha. Aliniita muwala wange, binti yangu, akanikalisha kwenye mkeka, na baada ya kalo, ule ugali wa ulezi, na mukene, yaani dagaa, wa karanga, ambao nausifu kwa moyo wote, akasema amepata wa kumwandikia.

"Wewe huna ukoo hapa," alisema. "Hurithi kitu. Shika kalamu."

Niliandika. Mashahidi walikuwa mwenyekiti wa LC1 na muuguzi anayepanga chumba cha mwisho. Alianza na kilicho cha mila: "Ardhi ya Buwenge ni ya ukoo wa mume wangu. Sikuikuta yangu na siiachi yangu. Wataigawa wao." Kisha akashika sauti nyingine kabisa, ya mtu anayejua kila tofali. Mizigo ni vyumba vitano. Viwili vya kwanza, vilivyo karibu na njia, kwa binti mkubwa aliyemwuguza baba yake. Cha tatu na cha nne kwa binti wa pili, naye asimtoe mwalimu anayepanga humo mpaka mwalimu mwenyewe apende. Cha tano kwa mtoto wa kiume. "Kimoja," alisisitiza, "na asiseme nimemnyima. Baba yake alimpa shamba." Nilimuuliza kama wanawe wana habari. Alinijibu kwamba aliwaita wote watatu Krismasi iliyopita, akawatembeza mlango kwa mlango, akawaambia wagombane sasa yeye akiwapo, na waligombana mpaka jioni, wakamaliza, wakala.

Tukaendelea. Simu na fedha zilizomo zilipie jeneza na sukari ya watu, asiachiwe mtu deni. Fungu la nigiina liingie kwa mkwewe wa kike, mke wa yule mwana, kwa sababu ndiye anayelala naye akiumwa. Mikeka igawanywe sawa. Gomesi ya kijani azikwe nayo; zilizobaki wagawane kwa urefu wao. Mbegu za karanga, ambazo alizitoa kwa mama yake mzazi na zimo kwenye kibuyu juu ya meko, asipewe mtu mmoja, kila mwenye jembe achote kiganja. Nafasi yake, kisu na kikapu, ukoo wake utaamua, lakini yeye ana binti wa kaka yake anayempenda, na jina akalitaja, na mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

Muuguzi alimuuliza juu ya jiwe la kusagia. Lipo nje ya mlango wa jiko, limechimbika katikati kwa miaka ya ulezi na karanga, na mkono wake, jiwe dogo la kushikia, umelala juu yake. Binti wote wawili wanalitaka, alisema muuguzi, na hilo bora liandikwe lisije likaleta maneno.

Jjajja alifikiri kidogo. Akasema niache mstari mtupu hapo. Kesho ana karanga za kusaga, na kesho kutwa pia, na atakapochoka atanipigia simu.